Nilimchagulia Mtani Wangu Skii Nyembamba

Nisikilizeni, ila msinitetee. Kosa ni langu, na nililifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikwenda Ulaya kusoma, mimi na rafiki yangu. Mimi Mmakonde wa Kitaya, yeye Myao wa Mtawanya. Watani! Hatukupitisha siku bila kutupiana maneno.

Huko wanateleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni. Tulikuwa tumejifunza kidogo, kwenye njia zilizoshindiliwa. Siku moja wanafunzi wenzetu wakatualika mlimani, kwenye mteremko mkali wenye theluji ambayo haijakanyagwa.

Mwenye duka la kukodisha skii alisema tuchukue skii pana, zilizopinda juu kwa mbele. Nyembamba zingezama. Mtani wangu alikuwa bado hajaijua lugha yao, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi.

"Anasemaje?"

"Anasema pana ni za akina mama. Zinakufaa sana wewe Myao!"

"Basi vaa wewe, mama'ngu!" Akachukua nyembamba, anacheka. Mimi nikabeba pana.

Nilikusudia kumwambia ukweli tukifika juu. Wallahi nilikusudia! Lakini nilipotazama kule chini niliwaza roho yangu tu. Nikatangulia.

Nikamsikia nyuma yangu: "Mtani, nazama!"

"Zama, Myao!" nikamjibu, nacheka.

Nikateleza kidogo, nikingoja anirudishie.

Niligeuka, sikumwona. Jamani! Ncha ya skii moja tu ndiyo ilikuwa imechomoza. Nikapanda kwa magoti na mikono, naita jina lake. Na mimi ni mtoto wa Kitaya, niliyekua nikitandika ubao mpana ili nipite kwenye tope la Ruvuma! Nilijua kabisa kwamba kitu kipana hakizami. Nilifukua kwa vidole mpaka vikafa ganzi, nikiwaza nitamwambia nini mama yake.

Nikafikia nywele, kisha uso. Amefumba macho. Nikampiga makofi, nikampiga tena, akakohoa. Goti lake lilikuwa limepinda vibaya.

Hospitalini nilimweleza yote. Akanitazama sana. "Sawa," akasema. Basi.

Miaka ikapita, mama yangu akafariki. Mtani wangu alikuja msibani Kitaya, anachechemea na fimbo. Kwetu mtani ndiye anayeuchangamsha msiba. Ataiga mwendo wa marehemu, atazuia maziko kwa vituko, mpaka mfiwa acheke. Watu wote wakawa wanamngoja yeye.

Akanishika mkono. "Pole, ndugu." Akaenda kukaa mkekani na wengine.

Ndugu! Shangazi akaninong'oneza, "Kwani mtani wako ana nini?" Mpaka leo watoto wakicheza mtoni na mmoja akapiga kelele kwamba anazama, nakurupuka nikimbie.

Wenzangu, tanianeni mtakavyo. Lakini mtu akikuuliza, "Anasemaje?", mwambie kilichosemwa.