Kadi ya Pijo Nyeupe

Kwa miaka thelathini na mbili Zabron Nzunda alitunza masjala ya ofisi moja ya serikali huku Mbozi, na ni wachache waliopita dirishani kwake bila kurudishwa nyumbani angalau mara moja. Walimu walirudishwa kwa herufi iliyopungua kwenye jina la baba. Mjane mmoja alirudishwa mara nne, mara ya mwisho kwa sababu mhuri ulipigwa ukiwa umeinama. Zabron hakuwa mkatili. Aliamini tu kwamba karatasi zikikaa sawa, dunia nayo itakaa sawa.

Alipostaafu alirudi kwenye kahawa yake nje kidogo ya Vwawa. Mkewe, Jenista, akamnunulia simu kubwa ili aache kumpangia sufuria kwa ukubwa. Ni kwenye simu hiyo alikoiona Pijo mia tano na nne, nyeupe, viti vyekundu, inauzwa na mtu wa Nakonde, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka. Mkuu wake wa kwanza wa kazi alikuwa na gari kama hilo, na kijana Zabron alikuwa akilifungulia geti. Aliitazama ile picha wiki nzima, akaikuza mpaka akahesabu nati za tairi.

"Karatasi zipo?" alimwandikia muuzaji, aliyejiita Mulenga.

"Zipo zote, mukwai," Mulenga akajibu kwa adabu ya Kibemba.

Zabron akaridhika. Swali lake lililofuata lilihusu redio.

Alituma pesa ya kahawa ya misimu miwili, na baada ya siku chache gari likaletwa kwenye yadi ya Ambwene, wakala wa forodha pale Chapwa, Tunduma. Lilikuwa zuri kuliko picha yake. Zabron alilizunguka mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Ambwene hakuzunguka. Alifungua boneti, akakwangua rangi kwa ufunguo, akasoma namba ya chasisi, kisha akaitazama kadi iliyokuja na gari.

"Mzee wangu, kadi hii ni ya gari jingine."

"Imekosewa namba gani?"

"Zote."

Zabron akampigia Mulenga. Hakupatikana siku hiyo, wala kesho yake, wala tangu hapo. Alipokwenda kituoni kutoa taarifa, askari alimwomba jina kamili la muuzaji na picha yake. Zabron alionyesha alichokuwa nacho, picha aliyoiweka Mulenga kwenye akaunti yake: tai ametua juu ya mti.

Ambwene aliipeleka ile namba halisi kwa watu wa usajili. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, limechimbuliwa kwenye daftari la zamani la kuandikwa kwa mkono. Gari lilikuwa la Tanzania tangu mwaka 1983 na halikuwahi kuuzwa. Mwenyewe ni Tumpale Kibona wa Itumba, Ileje.

"Mtafute akusainie mkataba wa mauziano," alisema Ambwene. "Akikataa, mimi sina la kukusaidia."

"Huenda alishafariki," Jenista alisema nyumbani, akidhani anamfariji.

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Itabidi tuingie kwenye mirathi."

Tumpale alikuwa hai. Zabron alimkuta Itumba, uani kwake, akipepeta maharage, mwanamke wa miaka sabini na minane, mgongo umenyooka. Binti yake, Angel, akaleta kiti. Zabron akaeleza kila kitu kwa mpangilio, tangu simu mpaka daftari, na bibi akamsikiliza bila kumkatiza.

"Gari hilo nililinunua kwa maharage," alisema mwishowe. "Miaka minne napeleka magunia Mbeya. Siku moja mume wangu akalichukua, akasema anakwenda Nakonde kununua sukari. Mwaka themanini na saba huo. Sukari bado naisubiri."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Wewe umelinunua kwa nani?"

"Kwa Mulenga."

"Naye Mulenga alilitoa kwa nani?"

"Sikumuuliza."

"Serikalini ulikuwa unafanya kazi gani?"

Zabron aliyatazama maharage. "Nilikuwa natunza mafaili."

Bibi Tumpale hakucheka, na hilo lilimuuma zaidi. Aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Humo mlikuwa na kadi ya gari, stakabadhi ya kulinunulia, taarifa ya polisi ya kupotea kwa gari, na barua tatu za kukumbushia, kila moja na nakala yake. Jina lilikuwa lilelile kila mahali. Tarehe zilifuatana. Zabron alisoma karatasi moja baada ya nyingine, na wakati uleule alipoelewa kwamba fedha yake imekwenda, kifua kilimjaa kitu kilichokaribia furaha. Miaka yote ile dirishani alikuwa akimsubiri mtu kama huyu.

"Mama," alisema, "faili lako halina kasoro. Gari ni lako."

"Najua. Ila hakuna aliyewahi kuniambia."

Zabron alimjazia fomu za kurudishiwa gari mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kiofisi, akazipeleka Tunduma. Zilipokelewa siku hiyohiyo bila swali.

"Kwa hiyo," alisema Jenista, "umelipa gari, ukafanya na kazi ya bure, ili liwe la mtu mwingine."

"Lakini sasa limekaa sawa," Zabron akajibu. Jenista akaenda kuchuma mboga.

Mwezi uliofuata Bibi Tumpale akapiga simu. Mjukuu wake anaolewa Mbozi Mission, na macho yake mwenyewe hayamruhusu tena kushika usukani. Zabron alikubali kuendesha kabla bibi hajamaliza kueleza, na siku ya harusi akavaa tai.

Karibu na Vwawa, askari wa barabarani akawasimamisha. Alilitazama gari kwa muda, akaomba kadi, akaisoma.

"Mwenye gari ni nani?"

Zabron alielekeza kidole gumba nyuma.

"Ni mimi," alisema Bibi Tumpale kutoka kiti chekundu. "Huyu ni dereva. Ni mtu mzuri, ila mwambie apunguze mwendo."

Askari akamwambia. Zabron akaitikia, akawasha gari, wakaendelea na safari kwa mwendo wa arobaini.