Mwonja Vitabu wa Okolona

Hebu mtazame kwanza anavyofika. Basi la kutoka Louisville limesimama Columbus, mchana wa Julai 2015, abiria wanashuka wakiburuta mabegi ya magurudumu. Nyuma yao kabisa anashuka mwanamume mfupi wa miaka hamsini na mitatu, suti ya kijivu, tai aliyoazima kwa shemeji, na kifuani amekumbatia sufuria. Si kisufuria, ni sufuria hasa, ile ya kupikia maharage ya msibani, mfuniko umefungwa kwa kitenge mafundo mawili. Njia nzima tangu Cincinnati dereva alikuwa akimuuliza kuna nini humo. "Mchele," akamjibu. Dereva akacheka. Na kweli ulikuwa mchele, kilo tatu, mkavu. Ila haukuwa wa kuliwa.

Huyo ndiye Liberati. Usimcheke bado, safari ingali ndefu.

Siku za kazi Liberati hupakua maboksi kwenye ghala moja la Okolona, kusini mwa Louisville. Jumapili ni shemasi wa kanisa la Warundi wenzake. Jumamosi sasa, hapo ndipo hata mkewe Spés hushindwa kueleza wageni. Jumamosi Liberati huonja vitabu. Anavionja kwa ulimi, namaanisha. Na si kila kitabu, ni ile misahafu ya zamani ya Wamormoni, ya mwaka 1830, ambayo wakusanyaji wa Marekani huitafuta kama watu wanaotafuta ng'ombe aliyepotea.

Ujuzi huo aliupata wapi? Kambini. Parokia ya kwao Burundi iliungua mwaka 1993, na daftari la ndoa likaungua nalo. Walipofika kambi ya Mtabila, kule Kasulu, wazee kwa mabibi zao wakawa wanadai vyeti vyao vya ndoa. Katekista alikuwa anawakumbuka wote kwa majina, na Liberati alikuwa na mwandiko mzuri. Basi mmoja akataja, mwingine akaandika. Lakini wazee wakavikataa! Karatasi nyeupe pee kwa ndoa ya miaka ishirini, wakasema, inafanana na uongo. Ndipo Liberati akachemsha majani ya chai, akaviogesha vyeti, akavianika juu ya turubai. Vikatoka na rangi ya heshima. Aliogesha vyeti arobaini na kimoja, na cha mwisho kilikuwa chake na Spés. Ndoa zote zilikuwa za kweli. Vyeti ndivyo vilivyozaliwa baadaye.

Na sufuria? Hilo nalo la kambini. Watu wakikimbia husahau vyeti, hawasahau sufuria. Kwa hiyo cheti kilale ndani ya sufuria, kizungukwe na mchele mkavu unaokunywa unyevu. Liberati hakuwahi kuona sababu ya kubadili.

Mambo yalianza Jumamosi moja mtaa wa Highview, familia moja ilipotandaza vitu vya zamani uani ili iviuze. Mzee mmoja mrefu, Bwana Pruitt, mthamini wa misahafu hiyo, alikuwa ameinama juu ya kitabu chenye jalada la ngozi ya ndama, ameshika taa ndogo ya zambarau, ile ya kufichua karatasi bandia. Liberati alikuwa amefuata pasi tu. Akapita, akanusa, akarudi nyuma. Akalowesha ncha ya kidole, akagusa pembe ya ukurasa, akapeleka ulimini.

"Huu umeogeshwa chai," akasema.

Bwana Pruitt akashika moyo. "Umelamba nini?"

"Kurasa nyingine ni nguo, mzee. Zamani karatasi walitengeneza kwa matambara, zina ladha ya kola ya shati. Huu mmoja ni chai. Tena chai yenyewe haikuchemka."

"Nimeupitisha kwenye taa hii siku nne!"

"Taa haina ulimi."

Ukurasa ukapelekwa maabara. Baada ya wiki tatu jibu likarudi: chai. Tangu siku hiyo Bwana Pruitt hakuthamini kitabu bila Liberati kando yake.

Kanisani habari zikafika kabla yake. Wazee wakamwita kikaoni, mwenyekiti Mzee Azarias.

"Shemasi, ni kweli unalamba msahafu wa watu?"

"Pembeni tu, mzee."

"Halafu unameza?"

"Natema."

"Unatema neno la watu? Ndiyo adabu tuliyokufundisha?"

"Basi, mzee, nitakuwa nameza."

"Ala! Ukimeza si umelipokea?"

Kikao kilikwenda saa tatu na nusu. Uamuzi ukaandikwa kwenye daftari la kanisa: shemasi aruhusiwe kuonja pembe isiyo na herufi, asukutue kwa maji ya bomba, na asionje siku ya meza ya Bwana.

Sasa turudi Columbus, kwa mwenye kitabu. Mama Nzigire, Mshi wa Bukavu kule Kongo, mwenye Kiswahili cha huko kilichochanganyika na Kifaransa, anakaa kitongoji cha Whitehall, ghorofa ya tatu, na kazi yake ni kutunza wazee wa Kimarekani majumbani mwao. Bibi mmoja aliyemtunza miaka minne alipofariki, alimwachia kitabu kwa maandishi, saini na mashahidi. Kitabu chenyewe ni cha 1830, katika zile nakala elfu tano za mwanzo, ambazo maneno yake bado yalikuwa hayajagawanywa kwa aya zenye namba. Bwana Pruitt alikuwa ameona picha tu, akawa hapati usingizi, akamtuma Liberati akakilete Buffalo, kwenye mkutano wa wakusanyaji wa kila mwaka.

Nzigire alipoifungua sufuria akapiga makofi. "Eh, papa Liberati! Umebeba mchele kutoka Louisville? Banakuambia Columbus hakuna mchele?" Na kabla mgeni hajakaa, kikombe kimoja kilikuwa tayari kwenye maji ya moto.

"Mama, huo ni kitanda cha kitabu!"

"Kitanda? Bon. Kilichobaki kinatosha kulala."

Dirishani alikaa mama yake, Bibi Bulonza, magoti yamevimba kama maembe. Miaka miwili tangu ahamie hapo alikuwa ameteremka ngazi mara mbili, zote amelala kwenye machela. Nzigire akasema kwa sauti ya chini, "Papa, bakinunua kitabu, nahamisha mama chini. Nyumba yenye haina ngazi. Ni hiyo tu naombaka Mungu." Basi na wewe unajua sasa kilichokuwa ndani ya kitabu kile.

Liberati akasukutua, akaanza kuonja. Ukurasa wa mia mbili, shati. Wa tatu, shati. Wa kwanza kabisa, ule wenye jina la kitabu... akasita. Akaonja tena. Chai, na ndani ya chai, tangawizi. Mlaghai wa Kimarekani hatii tangawizi. Akainua macho, akamkuta Nzigire anatabasamu kama mpishi anayesubiri sifa.

"Umeisikia? Iko muzuri, hein?"

"Mama Nzigire, ni wewe?"

"Ni sisi na bibi mwenyewe! Akiwa mtoto alikata ile karatasi, akashonea mtoto wake wa kuchezea nguo. Ilimuumizaka sana moyo. Donc nikaenda maktaba, nikapiga fotokopi ya hiyo karatasi kwa kitabu kingine, tukaogesha kwa chai ya termosi. Yeye njo alishika mashine ya kukausha nywele. Tulicheka ile siku!"

"Lakini mama, kule Buffalo wataita huu uongo."

"Uongo iko wapi? Weye umekaa kambini. Dosie ya mukimbizi yenye kukosa karatasi, banaipokeaka? Banairudishaka! Karatasi ilikosekana, nikaijaza."

Ungemwona Liberati anavyoitazama ile karatasi. Kazi ilikuwa safi. Yeye mwenyewe, katika vyeti vyote arobaini na kimoja, hakuwahi kupata rangi iliyotulia vile.

Safari ya saa tano na nusu ndani ya gari la Nzigire, kutoka Columbus hadi Buffalo, sufuria imefungwa mkanda kiti cha nyuma kama mtoto.

"Papa, taa ya mzungu itaona?"

"Haitaona."

"Donc iko ulimi yako tu."

"Ni ulimi wangu tu."

Nzigire akayapita malori mawili.

"Ulimi inaweza kushikwa na mafua," Nzigire akasema.

"Mwezi wa saba, mama?"

"Mi nimeona mafua ya mwezi wa saba."

Wakusanyaji walikuwa wamekodi ukumbi wa hoteli, kwa kuwa mji mdogo kilikochapiwa kitabu kile uko mashariki ya Buffalo, si mbali sana, na wao hupenda kukaribia chanzo. Liberati alipoingia, akadhani amekosea, ameingia kwenye karamu. Juu ya kila meza kulikuwa na sufuria! Mwaka uliotangulia walikuwa wamemwona na yake, wakaamua ni utaalamu. Mmoja ameleta chungu cha chuma cha babu yake. Mwingine ameleta sufuria ya mvuke yenye filimbi. Mwanamke mmoja alinunua mchele wa pakiti wenye ladha ya kuku, na kitabu chake chote kilikuwa kinanukia mchuzi.

Mnunuzi alikuwa Mama Hoyt, kibibi kidogo chenye mashine za kusikia masikio yote mawili. Bwana Pruitt akakipitisha kitabu kwenye taa, ukurasa kwa ukurasa, akatangaza: "Kamili!" Makofi. Kisha akageuka. "Bwana Liberati, ulimi wako unasemaje?"

Nzigire alikuwa na simu sikioni, na Liberati akaisikia sauti ya Bibi Bulonza ikitoka huko juu ghorofa ya tatu: "Bameshanunua? Hiyo nyumba iko na ngazi ngapi?"

Liberati akaonja. Akatamani kweli mafua. Akawakumbuka wale wazee wa kambini, walivyobusu vyeti vyake, na hakuna hata mmoja aliyedanganywa, kwa sababu kila mmoja alijua chai ilikotoka. Hapo ndipo akapata neno lake.

"Kitabu ni shati tupu toka ukurasa wa pili hadi mwisho," akasema. "Ukurasa wa kwanza ni chai. Chai ya tangawizi. Aliyeipika ni huyu mama hapa, pamoja na bibi aliyekuwa mwenye kitabu, na waliipika kwa upendo."

Nzigire akafumba macho. Bwana Pruitt akaiangalia taa yake kama mtu anayemwangalia mbwa aliyekataa kubweka. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Kama taa haikuona hiyo, basi hivi vingine alivyopitisha...?"

Watu wakatazama sufuria zao. Liberati, kwa wema wake wote, akanyanyua glasi ya maji. "Mkitaka, naweza kuonja vyote. Nasukutua kila mara."

Nakuambia, hujawahi kuona mifuniko ikifungwa upesi namna ile. Mmoja akakumbuka ana mgonjwa. Mwingine gari lake limeegeshwa vibaya. Sufuria ya mvuke ikatoka na filimbi yake, chungu cha babu kikafuata, na mchele wa ladha ya kuku ukamwagika hadi mlangoni. Dakika kumi, ukumbi mtupu.

Akabaki Mama Hoyt. Akarekebisha mashine ya sikio la kushoto. "Nyumbani nina kumi na kimoja," akasema. "Vyote nilinunua kwa hawa waliokimbia. Hiki cha huyu mama ndicho pekee ninachojua chai yake iko wapi. Nakichukua. Si kwa bei ya kitabu kizima, lakini nakichukua, na ukurasa wa tangawizi ubaki palepale."

Haikutosha kununua nyumba. Ilitosha kupanga ya chini, Whitehall huko huko, na kulipia mwaka mzima. Bibi Bulonza akahamia mwezi uliofuata, akakaa dirishani siku tatu, siku ya nne akampigia Liberati. "Mwanangu, kule juu nilikuwa naona Columbus yote. Hapa naona viatu tu. Lakini jana nimetoka nje mwenyewe, nikashika majani."

Liberati aliporudi Okolona, Spés alikuwa amekitoa cheti chao cha ndoa, amekiweka mezani karibu na sahani.

"Baba Irakoze, hebu onja na hiki, tujue."

"Mama Irakoze, si nilikiogesha mwenyewe?"

"Ndiyo maana. Onja, halafu uniambie usoni."

Akaonja, polepole, pembeni. Akasema ni chai, haina tangawizi, na ndoa ni shati tupu. Spés akakirudisha kwenye sufuria, akacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Sasa wewe, mwenzangu uliyenisikiliza mpaka hapa: ile karatasi uliyoifungia kabatini, unayoitoa kwa wageni wa heshima tu, Liberati akibisha hodi kesho na glasi yake ya maji, utamfungulia mfuniko, au na wewe utakumbuka gari lako limeegeshwa vibaya?