Tuta la Tatu la Bibi Kichwa Ngumu

Siku hiyo Bibi Kichwa Ngumu hakukalika. Mara anafagia, mara anamwagilia, mara anachungulia barabarani. Bwana wa vipimo anakuja! Mwaka jana ndiye aliyemwambia kwamba bustani yake, pale nyuma ya karakana ya betri kuukuu, udongo umejaa madini ya risasi, sumu inayopanda mpaka kwenye majani. Mpishi wa shule akaacha kununua mchicha wake, watu wakamshauri auze kiwanja ahame.

Ahame? Yeye? Alitandika turubai nene, akajenga matuta matatu ya matofali, akajaza udongo mweusi wa mbali, toroli kwa toroli, mgongo unalia na yeye anausuta.

Bwana akafika na mashine yake, utadhani draya ya saluni. Wifi yake bibi, aliyekalia ndoo iliyopinduliwa, akashindwa kujizuia.

"Wifi, leo mchicha unakaushwa nywele?"

"Ukaushwe, upendeze kukushinda wewe!"

Mpishi wa shule naye yupo, kikapu mkononi, amesimama mbali kidogo.

Tuta la kwanza, mashine ikalia. "Safi, bibi." Kigelegele! La pili. "Safi kabisa!" Hata wifi akaruka, ndoo ikabingirika. La tatu ndilo kipenzi chake, majani mapana, yanang'aa, hayana tundu la mdudu hata la dawa. Bwana akapima. Akapima tena.

"Bibi, hapa uliweka nini?"

"Niweke nini? Majivu tu, ya kufukuza wadudu."

"Ya wapi?"

Macho ya bibi yakamponyoka, yakaenda kwenye ukuta wa karakana, kule wanakoyeyushia risasi ya betri. Majivu ya bure, fundi mwenyewe alimjazia ndoo kwa heshima zote!

"Nyamaza," wifi akanong'ona. "Utang'oa kesho taratibu. Mpishi hajasikia."

"Kama hajasikia, namwambia mimi! Mpishi, hili tuta lina sumu, na niliyeitia ni mimi!"

Akavaa glovu, akang'oa kipenzi chake shina baada ya shina, mbele ya macho ya wote, akashindilia guniani, akamkabidhi bwana wa vipimo gunia akalitupe kunakotupwa sumu. Jasho linamtiririka, kichwa kiko juu vilevile.

Mpishi akaja, akatua kikapu kati ya tuta la kwanza na la pili.

"Nijazie, bibi. Ila kuanzia leo nataka majani yenye matundu."

"Matundu? Utapata mpaka uyakimbie, mwanangu! Wifi, unatazama nini? Nawa mikono tuchume!"