Konokono Waliofuata Chokaa Yao

Mwaka wa 1874, kwa hesabu ya Wazungu niliyojifunza nikiwa mtu mzima, baba yangu alikufa kwa ndui hapa Kindu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi, na mdogo wangu Rajabu alikuwa bado hajui kujifunga nguo. Shida zilianza hapo. Nilibeba mizigo, nilipiga kasia, nikajifunza ujenzi kwa kumtazama fundi mmoja wa pwani akijenga, maana hakuna aliyenifundisha. Chuoni, kwa Kurani, nilifika alifu na bee, basi. Kwa hiyo haya ninayosema sikuyatoa kitabuni. Yalinipata uani kwangu, mchana, jua likiwa utosini, na sikuwa na homa wala sikuwa nimekunywa kitu. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, tuendelee.

Birika, lile tangi la maji ya kutawadha, nililijenga kwa sababu ya mamba. Rajabu alikuwa kijana tayari, ana ndevu, aliposhuka mtoni kutawadha kwa sala ya alfajiri. Tulipata kofia yake tu. Nikaapa kwamba muntu wa nyumba yangu hatakanyaga tena ukingo ule. Nikachimba uani, nikainua kuta za mawe, nikazipaka chokaa ili ardhi isinywe maji. Sasa, watu wa pwani wanachoma mawe ya bahari kupata chokaa. Sisi bahari tunaitoa wapi? Tunachoma maganda ya konokono wa Lualaba. Wanawake walileta vikapu kwa vikapu, maganda matupu na yenye wenyewe ndani, tukayapanga yote juu ya magogo, tukawasha. Yalipiga kelele kidogo motoni, kama mafuta ya mawese yakichemka. Kila fundi wa hapa alifanya hivyo, usinitazame mimi peke yangu.

Birika lilikuwa zuri, wacha nijisifu. Nikatia samaki wadogo wenye mistari ili wale viluwiluwi vya mbu. Watoto walilala kifudifudi kuwatazama, na wazee nao walitazama, wakijifanya bado wanaosha miguu. Mtaa mzima ukawa unatawadha kwangu. Mtoni hakwenda mtu.

Kisha wakaja konokono.

Siku ya kwanza wachache, nikawatoa kwa mkono. Kesho yake wamejaa ukuta mzima. Nikawatoa tena, nikawaponda kwa jiwe. Wakazidi. Nikatia chumvi, na chumvi ya siku zile ilikuwa kitu cha kuficha chini ya kitanda. Samaki wakafa nusu, konokono wakanenepa. Nikaazima bata. Bata wakala samaki waliobaki, wakanyea humo humo, wakaenda zao. Nikapata samaki wengine, nikazamisha majani ya mpapai yaliyochemshwa jioni, asubuhi nikayavuta na konokono wameyashika kama watoto kwenye titi. Nikafurahi. Siku iliyofuata walikuwa wengi kuliko kwanza, kana kwamba wa karamu ya jana wamewaita ndugu zao. Nikalikausha birika lote, nikasugua kwa mchanga mpaka vidole vikatoka damu. Nikajaza maji ya mvua, safi. Unafikiri nini? Walirudi. Na kitu kilichonitia wazimu ni hiki: majani hawakuyajali tena. Walikuwa wanalamba ukuta.

Mke wangu, Mama Zaina, alisimama na ndoo yake akanitazama nikiwa nimezama mpaka kiunoni.

“Baba Zaina, umekuwa fundi wa konokono sasa?”

“Nipe kikapu, nyamaza.”

“Nikinyamaza watatoka? Ungewatukana kidogo tena, pengine hiyo njo dawa.”

Mwalimu wa msikiti wetu naye akaja, akachovya kidole, akanusa. “Ndugu yangu, maji haya yana utelezi na harufu. Watu hawawezi kutawadha nayo. Kesho tutarudi mtoni.”

“Na mamba?”

“Mungu yuko.”

Mungu yuko, najua. Na siku ya Rajabu alikuwako. Lakini sikumjibu hivyo mwalimu. Binti yangu Zaina alikuwa ameanza kujifunza kusali, na kesho angeshuka na wenzake kwenye maji yale yale.

Baada ya sala ya adhuhuri watu walilala. Mimi nilibaki nikikwangua. Nilipoinua kichwa, bibi mmoja alikuwa ameketi ukingoni. Mlango wa ua nilikuwa nimeufunga kwa komeo, na komeo lilikuwa mahali pake. Alikuwa amejikunja, mgongo wazi, na mgongo huo, wallahi, ulikuwa laini na mbichi, kama kitu ambacho hakikupata kuona jua tangu kuumbwa. Nyuma yake, kutoka mlangoni hadi alipokaa, palikuwa na njia ya unyevu iking’aa.

Nilikuwa nimechoka hata kuogopa. Nikamwambia, “Bibi, kama unaomba chakula, mama iko ndani.”

“Natafuta nyumba yangu, mwanangu.”

“Nyumba gani?”

“Ile uliichoma.”

Damu ikanipanda. “Mimi? Mimi sijachoma nyumba ya mtu. Waliochoma vijiji nchi hii unawajua, nenda ukawadai wao!”

Akanyoosha mkono, akapapasa chokaa polepole, kama mtu anayetafuta mlango gizani. “Hii njo yangu,” akasema. “Hii ya dada yangu. Hapa uliposhika iko ya mama. Tulikuwa ndani.”

Mkono wangu nikauondoa haraka.

“Watoto wanarudi kwao,” akasema, “na wewe unawaponda na jiwe.”

Hapo ningepaswa kukimbia, sivyo? Nilikasirika zaidi. Nikasema, “Sikia, bibi. Kama leo ni siku ya kila mtu kurudishiwa chake, mto wenu ulimchukua ndugu yangu. Nirudishie Rajabu, nami nitakurudishia ukuta wako.”

Aligeuza uso upande wa mtoni.

“Mamba si wa kwetu,” akasema. “Na sisi anatukanyaga.”

Kisha akateleza ndani ya maji. Maji hayakutikisika wala hayakupanda. Nikapiga kelele, Mama Zaina akatoka mbio, naye akaiona ile njia inayong’aa, aliiona kwa macho yake. Akagusa kwa kidole cha mguu, akarudi nyuma. Safari hii hakuwa na mzaha. Alisema neno moja tu: “Bomoa.”

Nilibomoa chokaa yote kwa patasi mchana ule na usiku. Kabla ya alfajiri, kabla mtu mwingine hajashuka, nilikanyaga ukingo niliouapia, nikamwaga vikapu vyote mtoni. Konokono niliwabeba pamoja nayo, wazima. Nikarudi, nikasimama njiani na panga, nikawazuia watu wasiteremke, mwalimu akiwa wa mbele. Walichota maji kwa mitungi kutoka kisima cha mbali siku chache, huku wananitukana, wakati mimi nikipaka birika udongo wa kichuguu uliopondwa.

Konokono hawakurudi hata mmoja. Lakini tangu siku ile chokaa haikai mwilini mwangu. Nikiweka tambuu yenye chokaa mdomoni, ulimi unajikunja wenyewe na kutafuta pa kujificha. Na kila masika ukuta wa nje wa ua hukutwa na ile njia ya kung’aa, imezunguka nyumba mara moja, ikaondoka.

Basi wewe unayechoma maganda, tikisa kwanza. Lililo jepesi, choma. Lililo zito lina mwenyewe; lirudishe majini, hata kama fundi wa pwani anakucheka.

Leo nina nyumba moja ya udongo na nyingine ya kupangisha. Nina mitumbwi miwili, shamba la mpunga, mbuzi, patasi yangu, birika linalovuja upande wa kibla, na watoto wanne, wote na mikono na miguu yao.