Kwenda Kinna Kufunga Sanduku la Mnara

Nilienda Kinna kwa sababu Halake ni mwongo. Jina lake naliandika wazi. Mwaka ule majambazi waliponipiga risasi ya paja, nililala zahanati ya Kinna tangu asubuhi hadi magharibi. Nesi alitaka kuita gari la wagonjwa kutoka Isiolo, lakini mnara wa simu ulikuwa umezimika, betri imekwisha. Mlinzi wa mnara ni Halake. Jana yake alikuwa ameambia ofisi yetu ya minara kila kitu ni salama.

Asubuhi ya safari, ofisini Wabera, mjini Isiolo, fundi wetu Kendi alinipa sanduku jipya. "Baba Ewoi, ukishaifunga, nitaiongelesha kutoka hapa. Kila dakika tano naiuliza: betri iko aje? Kila soketi inakula umeme ngapi? Na nikitaka, naiamuru."

"Kwa lugha gani?"

"SNMP."

"Hao ni kabila gani?"

Alicheka mpaka akashika meza. "Ni lugha ya mashine kuongea na mashine."

Njiani nilipanda lori linaloenda kuchukua vitunguu. Dereva, Abdi, ananijua. "Bado unabeba hasira ya Halake? Itakuua kuliko ile risasi."

"Risasi ilitoka. Halake bado yuko."

Saa sita nikafika. Halake alinipokea kwa mikono miwili. "Nagaa?"

"Nagaa. Watu?"

"Nagaa."

"Mnara?"

"Nagaa kabisa."

Hiyo ni adabu ya Waborana. Hata kama ng'ombe amekufa asubuhi, unajibu kwanza ni amani. Msiba unasemwa baada ya chai. Sina neno na adabu hiyo. Lakini Halake akishakunywa chai, huenda zake bila kuusema.

Betri ilikuwa karibu kukata roho. Nilifunga sanduku, nikapangusa vumbi kwa paneli za jua, nikaenda zahanati. Nesi Rukia alinionyesha mama mjamzito kitandani. "Mtoto amelala vibaya tumboni. Uchungu ukianza ni lazima niite gari. Mnara utasimama?"

"Utasimama," nikasema.

Saa tisa mimi na Rukia tulikuwa tunakunywa chai, Kendi akapiga. "Mzee, umeweka kitu kwa soketi ya tatu?"

"Sijaweka. Hiyo ni tupu."

"Si tupu. Kuna kitu inakunywa betri vibaya. Naizima."

Nilikuwa sijamaliza kikombe, Halake akatokea mbio, kikoi mkononi. "Nani amezima friji yangu? Soda zitapata moto!"

"Isiolo," nikamwambia.

"Isiolo iko mbali!"

"Mkono wake ni mrefu. Kaunganishe tena uone."

Rukia alimtazama, halafu akamtazama yule mama. "Halake, hukuona aibu?" Halake alikaa chini, akamiminiwa chai, na kwa mara ya kwanza akasema yote: friji ilikuwa kwa betri ya mnara tangu zamani, hata ile siku yangu ya risasi; mtu wa ofisi akija huichomoa, akitoka huirudisha.

Alfajiri uchungu ulianza. Rukia alipiga simu mara moja tu, gari likaja. Nilirudi nalo, nimekaa mbele na dereva, nikapita pale nilipopigwa risasi. Mara hii sikugeuza uso. Mama alijifungua msichana hospitali ya Isiolo, na mimi nikatembea hadi nyumbani Kiwanjani nikipiga mluzi.

Nilichojifunza ni kidogo. Halake sijamsamehe. Lakini siku hizi simngoji aseme ukweli.