Alichosema Lydie Nilipokuwa Maabara

Wanaonijua hapa mtaani Hewa Bora watakuambia kwamba mimi Victorine nina mdomo. Hawadanganyi. Nilizaliwa wa kwanza, nikafiwa na mume kabla sijapata mtoto, nikarudi kukaa katika nyumba ya marehemu baba yetu, na ndani ya nyumba hiyo halikupita jambo bila mimi kulisemea neno. Mdogo wangu Léonard ndiye aliyekuwa na mke na watoto. Lakini Léonard ni fundi umeme mgodini, wiki tatu yuko huko na wiki moja nyumbani, kwa hiyo mwenye nyumba nilikuwa mimi. Ninayetaka kumweleza hapa ni mke wake, Lydie Nkandu.

Lydie alitoka Mokambo, mpakani na Zambia, ambako mama yake, Ma Chilufya, anauza samaki wakavu. Léonard alipelekwa kule kutengeneza umeme wa ghala fulani, akarudi na msichana. Sikumpenda. Sababu sikuwa nayo na wala sikuitafuta. Alicheka kwa sauti, alikula akiwa amesimama, na alinizidi urefu. Kazi lakini aliijua. Alikuwa na cherehani yake kwenye karakana moja kule Kenya, mtaa mwingine wa mji wetu huu, karibu na soko, na kwaya nyingi za huko zilivaa alichoshona yeye. Watu hakuwapima kwa futi. Alikutazama mara moja, toka kichwani mpaka miguuni, akakata kitambaa, na nguo ikakukaa.

Jumapili moja, tukiwa kanisani, aliniinamia sikioni. Aliniita Yaya, dada mkubwa.

"Yaya, umepunguka kilo mbili. Iko nini?"

Nilimwambia afuate misa. Ukweli ni kwamba wiki ile mume wangu alikuwa amenirudia sana moyoni na chakula hakikupita, na katika ukoo mzima hakuna mwingine aliyeona.

Walizaa Mwenya, msichana, kisha Kiki. Kiki alipotimiza mwaka mmoja, Lydie akaanza kuzimika. Sijui niseme vipi. Alikuwa anakaa na sindano mkononi, uzi umeshapita tundu, na saa nzima sindano haijagusa kitambaa. Alisahau sufuria motoni mpaka bukari, ugali wetu, ikaungua ikanuka mtaa mzima. Sare za kwaya ya sikukuu ya Kristo Mfalme zilibaki bila mikono, wakaja mama wa kwaya kuzichukua vile vile, na yeye akawatazama wakiondoka bila hata kuomba radhi. Alilia akiosha vyombo. Ukimuuliza, anasema ni moshi, na moto haujawashwa.

Sisi tulijua ugonjwa. Mtu akichoka, ni malaria. Akiumwa mgongo, malaria. Akilia bila sababu, malaria imepanda kichwani. Nilimpeleka zahanati mara nne, wakamtundikia maji mara nne, akarudi vile alivyokwenda, na alama za sindano juu ya mkono. Mara ya tano nikasema twende hospitali kubwa, yaishe.

Sasa mtu wa mbali aelewe desturi. Kwetu huingii kwa daktari peke yako, labda kama huna ndugu duniani. Unaingia na mtu wako, garde-malade, na huyo ndiye anayeshika fiche yako, kadi ya hospitali, na kueleza unachoumwa. Mgonjwa kazi yake ni kuumwa. Garde-malade wa Lydie nilikuwa mimi, na kazi hiyo niliifanya kwa bidii.

Tulimkuta daktari kijana, Docteur Ephraïm, mwembamba, koti jeupe limemzidi mabega.

"Maman, unasikia nini?" akamuuliza Lydie.

"Malaria, docteur," nikasema. "Inamurudilia kila mwezi."

"Naulizaka ye mwenyewe."

"Ye mwenyewe haina na nguvu ya kusema."

Yule kijana alinitazama kidogo, akaandika karatasi, akamwita muuguzi amtoe Lydie damu. Kisha akanipa mimi kile kichupa. "Peleka kwa labo, maman, na ungoje résultat kulekule." Nilikwenda maabara. Kulikuwa na watu thelathini mbele yangu na mtu mmoja tu wa kuwahudumia. Nilikaa huko zaidi ya saa moja, nikigombana na mzee mmoja aliyetaka kunipita.

Niliporudi, kiti cha daktari kilikuwa kimehama. Kilikuwa upande wetu wa meza, karibu na cha Lydie, na Lydie alikuwa anajifuta uso kwa upindo wa kitenge. Nilikasirika papo hapo. Nilijua wamezungumza bila mimi.

Daktari alisoma résultat, majibu ya damu, akasimama. "Maman Victorine, tutoke kidogo."

Hiyo nayo ni desturi. Ugonjwa mzito haambiwi mgonjwa, anaambiwa ndugu, mlangoni au kwenye ukumbi wa nje, kwa sauti ya chini. Mgonjwa anabaki kwenye kiti anatazama mlango. Kijana wa watu hakuwa na ubaya wowote. Alifanya vile alivyoona wakubwa wake wakifanya.

"Hii haiko malaria, maman. Ni dépression, ugonjwa ya huzuni. Anasema toka mwaka moja halalake. Asubui anasikia batoto banamuita, na anaomba Mungu kama asingelamuka. Ni mara yake ya kwanza kuisema kwa muntu." Akasita, akakuna shingo. "Aliniomba nisikuambie. Alisema, kama Yaya anajua, batanirudisha kwetu. Lakini weye njo famille. Nani mwingine atamuchunga?"

"Ni mimi, docteur."

"Njo vile. Dawa itaomba wiki tatu ao ine mbele ya kumusaidia. Asibakie peke yake. Na musimutenge na batoto, hata siku moja. Umesikia?"

"Nimesikia, docteur. Aksanti."

Nilisikia kila neno, na nilifurahi. Naliandika hivyo lilivyo, nilifurahi. Nilitembea na furaha yangu mpaka chumbani kumchukua Lydie, na uso niliufanya wa huruma. Miaka saba nilikuwa nimetafuta kosa la yule mwanamke, na sasa alikuwa amelitoa kinywani mwake. Akilini nilishawaona Mwenya na Kiki wakilala chumbani kwangu, wakiniita mama.

Nje ya geti kulikuwa na mwanamke anakaanga beignet, maandazi ya duara. Lydie alisimama, akanunua tatu. Miezi sikuwa nimemwona akiomba chakula. Alikula mbili kwa haraka, kama mtu aliyetoka kazini, akanipa mimi ya tatu.

"Yaya, docteur alikuambia nini?"

"Malaria."

Alinitazama, akaitikia kwa kichwa taratibu, na nikaona anaamini kwamba daktari amemtunzia siri. Njia nzima alikuwa mwepesi. Hata alimsalimia mke wa jirani kwanza, kabla hajasalimiwa. Ordonnance, karatasi ya kununulia dawa zake, nilikuwa nimeikunja kwenye fundo la kitenge changu, na haikutoka humo kwenda duka la dawa lolote.

Léonard alishuka kutoka mgodini Ijumaa. Jumamosi nikamwita Baba Antoine, mdogo wa marehemu baba, maana jambo la namna hiyo linataka mkubwa. Tulikaa sebuleni, milango imefungwa, watoto tumewapeleka kwa jirani. Lydie alikuwa amevaa vizuri. Alifikiri tunazungumzia ubatizo wa Kiki.

Baba Antoine hakuzunguka. "Lydie, ni kweli ulisema kwa docteur kama hautake kulamuka asubui?"

Lydie akageuka akanitazama mimi, mara moja, toka kichwani mpaka miguuni, vile alivyokuwa akitazama wateja wake zamani.

"Nilisema," akajibu. "Nilimuambia docteur. Ye peke."

"Kuko siri gani ya kusemea muntu wa inje, na bwana yako hayue?"

"Docteur aliniuliza, Baba. Humu ndani hakuna hata mumoja aliniuliza."

Léonard alikuwa anaichezea simu yake, anaiwasha, anaizima. Ningetaka kusema kwamba mdogo wangu alimtetea mkewe. Alisema, "Aende apumuzike kwabo kidogo. Kisha tutaona."

"Na batoto?" Lydie akauliza.

"Batoto iko na masomo," akasema Baba Antoine. "Na hatuachilie batoto kwa muntu anasema maneno ya vile." Kisha akanigeukia. Mzee ni mkali lakini si mjinga. "Victorine, docteur alisema nini ingine?"

Neno lilikuwepo mdomoni mwangu, tayari. Musimutenge na batoto, hata siku moja. Mimi mwenye mdomo, ambaye hakuna jambo lililonipita, nililimeza.

"Alisema apumuzike," nikajibu.

Lydie hakulia. Alisimama, akaenda kuanua nguo za watoto kwenye kamba, akazikunja moja moja, za Mwenya upande wake, za Kiki upande wake, akaziweka kitandani kwangu. Hakuna aliyekuwa amemwambia watoto watalala wapi.

Jumatatu nilikuwa na safari ya Mokambo kuchukua unga, kwa hiyo nikampeleka mimi mwenyewe. Tuliondoka Mwenya akiwa shuleni. Cherehani ilibaki. Njia nzima yeye kakaa juu ya mfuko wake nyuma ya lori, mimi mbele na dereva.

Ma Chilufya alitupokea kwa vigelegele, akifikiri binti amekuja kumtembelea. Alipoona uso wake akanigeukia mimi. "Mutoto iko nini?"

Mtu anayerudisha mke wa watu lazima aseme anachomrudishia. Ningesema ugonjwa wenyewe, yule mama angeuliza ulianza lini, na ulianzia nyumbani kwetu. Angeuliza dawa ziko wapi.

"Malaria, mama," nikasema. "Apumuzike tu kidogo."

Lydie alikuwa amesimama hapo hapo, kati yetu. Nilimtazama, nikingoja aseme. Alikuwa na mama yake mzazi mbele yake, mahali pa kusemea kuliko pote, na ningebaki na aibu yangu. Hakufungua mdomo. Alikuwa ameusema ukweli mara moja katika maisha yake na ameona ulikompeleka. Aliingia ndani kupitia mlango wa nyuma, na Ma Chilufya akaenda kuchuma majani ya kuchemshia homa.

Ile kidogo imekuwa miaka mitatu. Nikienda Mokambo kwa unga namwona, anasaidia mama yake kufunga samaki katika magazeti. Amekonda mpaka mifupa ya mikono inahesabika. Kila mara namsalimia, namuuliza hali, na kila mara ananijibu kwa adabu, macho yakiwa kwenye samaki, "Niko muzuri, Yaya." Hajaniulizia watoto tena tangu mwaka wa kwanza.

Watoto sikuwapata. Léonard alioa tena, akamleta Dorine, msichana wa mtaa wa Kenya, mchangamfu, na Dorine akawahamishia watoto upande wake wa nyumba. Kiki anamwita maman, na Lydie hamkumbuki. Mwenya ana miaka tisa na haniiti chochote. Siku moja nilimkaripia kwa sababu ya kopo la maziwa, akaniambia bila kupandisha sauti, "Weye njo ulipeleka maman." Kisha akaendelea kunywa.

Tangu siku ile silali. Nimepunguka kilo ngapi sijui, hakuna wa kuniambia. Alfajiri nasikia nyumba inaamka, vikombe, ndala, Kiki anaimba, na mimi najifunika shuka kichwani naomba kisichoombwa. Dorine akaona sili. Akasema ni malaria. Wiki iliyopita akanipeleka hospitali kubwa, fiche yangu mkononi mwake, na tukaingia chumba kile kile.

Docteur Ephraïm amenenepa, koti sasa linamtosha. Alinitambua. "Ah, maman wa Lydie. Anaendelea namna gani?"

"Muzuri, docteur."

"Aksanti Mungu. Na weye, unasikia nini?"

"Malaria," akasema Dorine. "Inamurudilia-rudilia."

Alinitazama, kisha akampa Dorine kichupa, akamtuma maabara. Mlango ulipofungwa alisogeza kiti chake upande wangu. Nilikijua kile kiti.

"Sasa tuko peke yetu, maman. Sema."

Nilitaka kusema. Mungu wangu anajua nilitaka. Lakini niliujua ukumbi wa nje, na nilimjua Dorine, na nyumba siku hizi anayeisemea ni yeye. Lydie alikuwa na Mokambo ya kurudishwa. Mimi ni binti wa pale, baba na mama wako makaburini, sina pa kupelekwa isipokuwa kule wanakofungiwa wenye wazimu.

"Niko muzuri, docteur. Ni malaria tu."

Nikalisema hilo na machozi yakashuka, bila idhini yangu, yakafika kidevuni, yakadondokea mikono. Alinipa kitambaa cha karatasi, akangoja, nami nikarudia, malaria, malaria, mpaka Dorine akarudi na résultat.

Daktari aliisoma. Akaniangalia, akaangalia chini, akasimama. "Maman Dorine, tutoke kidogo."

Wakatoka, na fiche yangu Dorine kaishika kwapani. Nilibaki kwenye kiti natazama mlango. Niliwasikia wakizungumza nje, sauti ya chini, daktari anaeleza na Dorine anaitikia, ndio docteur, aksanti docteur.