Chupa za Chini

Saa tatu kasorobo asubuhi, maji yanajaa. Mpima maji anashusha chombo chake kwa kamba hadi sakafu ya mlango wa mto, anakipandisha, anamimina maji kwenye chupa na kuiinua juani. Ni mazito kama uji.

"Haya, niambie wewe," anamgeukia mwandishi. "Bahari ndiyo inaingia. Tope lote hili la nini?"

Mwandishi anaikodolea macho chupa. Wengi wetu tunajua mto huleta tope na bahari hulipokea, basi. Hata mpima maji mwenyewe alijua hivyo kwa miaka tisa, akichota maji ya juu peke yake. Mwaka jana ofisi ikaongeza chupa za chini, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kumuuma.

Chupa ni thelathini na mbili kwa siku, nusu maji yakijaa, nusu yakipwa. Za chini zilikataa kueleweka: maji yakijaa tope lilikuwa jingi, yakipwa likapungua. Yaani tope linapanda mto.

"Nikasema hapana, nimechanganya vibandiko. Mtu wa watoto wanne, akili yenyewe ndiyo hii. Nikawa navibadilisha kila jioni. Wallahi nilidhani nasahihisha."

Alibadilisha kwa miezi mitatu. Ofisi ikasoma vibandiko, ikaamini tope linatoka, ikapeleka mashine kuchimba huko nje, baharini. Tope halikuwa huko. Lilikuwa likijikusanya ndani, kwenye gati la kivuko.

Mwezi uliopita kivuko kilikwama hapo saa tano nzima na abiria sitini na watatu. Nahodha akasimamishwa kazi kwa uzembe. Nahodha huyo ni mume wa mpima maji.

Fundi wa maabara ndiye aliyemfumbua macho: maji ya chumvi ni mazito, hupita chini yakiingia na kusukuma tope ndani, huku maji ya mto yakiteleza juu kwenda zake. "Amenieleza mara tatu," anasema mpima maji. "Mara mbili nilielewa." Mwandishi naye alieleweshwa, akatikisa kichwa, na mpaka sasa anakitikisa.

Kwa wiki mbili mama huyu hakula vizuri. Juzi, wakati wa chakula cha mchana, alimweleza mumewe kila kitu na kusubiri afoke.

"Aliweka kijiko chini. Akaniuliza, 'Mke wangu, kwa hiyo macho yangu ni mazima?' Kumbe alishakwenda kununua miwani. Mwezi mzima mume wangu anajiona kipofu, na mimi nipo hapo hapo nampakulia."

Analia kidogo, kisha anacheka, kisha anaonekana hajui aendelee na lipi.

Alhamisi kikao kitaamua kama nahodha atarudi kazini. Mpima maji ataingia na daftari lake la jikoni. Kila chupa aliyoibadilisha aliiandika humo, na yeye mwenyewe hajui kwa nini aliandika.

"Wakinifukuza, wanifukuze. Ila mume wangu wamrudishe, na chupa za chini wasiziache."

Anachukua kibandiko, anaandika: chini, maji yanajaa. Anaitazama chupa, anakitazama kibandiko, anaitazama tena chupa. Kisha anakibandika, na kukikandamiza kwa kidole gumba mpaka pembe zote nne zishike.